Elie Metchnikoff, Rafiki wa Maziwa Lala

Ningependa kukusimulia habari za mtu mmoja aliyefariki zamani sana, kabla hata nyanya zetu hawajazaliwa, lakini kazi yake ingali hai mpaka leo. Katika Biolojia tunasoma kwamba kuna chembe nyeupe za damu ambazo humeza viini vya magonjwa. Tunaandika kwenye daftari, tunafanya mtihani, halafu basi. Wachache hujiuliza ni nani aliyegundua kwamba chembe hizo ndizo askari wetu. Mtu huyo si mwingine bali ni Elie Metchnikoff, mwanasayansi aliyetoka Urusi.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa waliouambia ulimwengu kwamba vijidudu vinavyoishi matumboni mwetu vina uwezo wa kutuongezea siku au kutupunguzia. Pili, maisha yake yalikuwa na giza nene na baadaye mwanga mkubwa. Sisi wanafunzi tukianguka mtihani mmoja tunaona dunia imekwisha. Hebu tumtazame mwenzetu huyu.

KUZALIWA NA UTOTO

Metchnikoff alizaliwa tarehe 15 Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkov. Siku hizi mji huo uko nchini Ukraine na huitwa Kharkiv, lakini wakati ule sehemu hiyo yote ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Ilya, na Elie ni jina hilo hilo kwa Kifaransa. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la walinzi wa mfalme. Mama yake, Emilia, alitoka katika ukoo wa Kiyahudi, na ndiye aliyemtia moyo kufuata sayansi. Katika nyumba ya watoto watano, Ilya alikuwa kitinda mimba.

Tangu utotoni alipenda mimea na wadudu kupita kiasi. Husemekana kwamba aliwakusanya ndugu zake na watoto wengine, akasimama mbele yao kama mwalimu na kuwafundisha habari za viumbe. Kwa kuwa alijua hawatakaa kimya bure, aliwalipa visenti kutoka mfukoni mwake ili wamsikilize. Lo! Mwalimu anawalipa wanafunzi? Sisi tungehudhuria vipindi vyote, hata vile vya Jumamosi asubuhi.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Kharkov, masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka miwili tu. Mwaka wa 1864, akiwa na umri wa miaka 19, tayari alikuwa amehitimu. Wakati huo kitabu cha Charles Darwin kuhusu chanzo cha aina za viumbe, kilichotolewa mwaka wa 1859, kilikuwa kinazua mabishano kila mahali. Kijana wetu alikisoma akiwa bado chuoni na kikamwingia damuni. Yaani aliamini kwamba viumbe vyote ni ndugu, na kwamba ukichunguza kiumbe kidogo cha baharini kwa makini, utajifunza jambo kuhusu mwanadamu. Basi akaenda kisiwa cha Heligoland, akaenda Ujerumani, akaenda Naples kule Italia, kazi yake ikiwa kuchungulia viumbe vya bahari kwa hadubini. Mwaka wa 1867 yeye na rafiki yake Alexander Kovalevsky walishinda tuzo kubwa ya sayansi nchini Urusi na wakagawana. Macho yake yalikuwa yakimsumbua, lakini hadubini hakuiacha.

GIZA

Mwaka wa 1869 alimwoa Ludmila Fedorovitch. Bibi harusi alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na siku ya arusi alikuwa mdhaifu kiasi kwamba alibebwa kwenye kiti mpaka kanisani. Kwa miaka minne Metchnikoff alihangaika naye huku na huko akitafuta mahali penye hewa nzuri. Ili kupata pesa za matibabu alifundisha, akaandika makala na kutafsiri vitabu. Wakati huo dawa ya kifua kikuu haikuwako. Hatimaye, mwezi wa Aprili 1873, Ludmila alifariki katika kisiwa cha Madeira.

Huzuni ilimzidi nguvu Metchnikoff, akajaribu kujitoa uhai. Kwa bahati hakufa. Nataja jambo hili kwa sababu ni sehemu ya maisha yake, na kwa sababu kuna wenzetu ambao hubeba mizigo mizito kimya kimya. Kama Metchnikoff angalifaulu siku ile, ulimwengu ungalipoteza kila kitu nitakachokisimulia hapa chini. Basi mwenzangu, ukilemewa, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie. Mzigo wa watu wawili ni mwepesi.

Metchnikoff alirudi kufundisha katika chuo kikuu cha Odessa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Mwaka wa 1875 alimwoa Olga Belokopytova. Olga alipenda uchoraji, lakini pia alijifunza sayansi na kumsaidia mumewe kazini. Hawakujaliwa watoto. Mwaka wa 1880 Olga aliugua sana homa ya matumbo, akaponea chupuchupu. Wakati ule ule chuoni kulikuwa na vurugu za siasa, na Mfalme Alexander wa Pili alipouawa mwaka wa 1881, mambo yaliharibika zaidi. Metchnikoff alikata tamaa tena. Alijitia mwilini damu ya mgonjwa wa homa fulani ambayo huja na kuondoka, jamii moja na homa ya papasi, akitaka kujua kama ugonjwa huo huambukizwa kwa damu. Aliugua karibu kufa. Alipopona, kila mtu alishangaa, kwa maana badala ya kurudi na huzuni yake, alirudi na hamu kubwa ya kuishi.

MWIBA WA WARIDI

Mwaka wa 1882 aliacha kazi ya chuo kikuu, akachukua mke wake na wadogo za mkewe wakahamia Messina, mji ulio kwenye kisiwa cha Sicily. Huko hakuwa na mshahara wala maabara. Sebule ndiyo iliyokuwa maabara.

Siku moja watu wote wa nyumbani walienda kutazama sarakasi ya nyani. Metchnikoff alibaki peke yake na hadubini yake, akitazama watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari ambaye wenzetu wa Mombasa na Lamu wanamjua vizuri kwa mikono yake mitano. Watoto wa mnyama huyu wana mwili mwangavu kama kioo. Ndani yake Metchnikoff aliona chembe zikitembea taratibu. Ghafla swali likamjia: je, chembe hizi si walinzi? Mtu akichomwa na kibanzi kidoleni, mahali hapo hufura na kutunga usaha. Je, usaha huo si kundi la chembe zilizokimbilia kupigana?

Alianza kutembea chumbani huku na huko, akashuka hadi ufukoni kutuliza mawazo. Kisha aliingia bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya wale watoto wa kiti cha pweza. Usiku huo hakupata usingizi. Asubuhi na mapema alichungulia kwa hadubini. Kumbe! Chembe zilikuwa zimeizunguka miiba pande zote, zinajaribu kuimeza. Na kumbuka kwamba kiti cha pweza hana mishipa ya damu kama sisi. Kwa hivyo chembe hizo hazikuletwa na mkondo wa damu, zilikwenda zenyewe. Chembe hizo zilipewa jina la fagositi, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni chembe mlaji.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia mzee huyu. Alijiuliza, chembe hizi zilijifunza wapi kula? Akajibu kwa kufuata mawazo ya Darwin. Viumbe vya chembe moja, kama amiba, hula kwa kuzunguka chakula na kukimeza. Viumbe vilipokuwa vikibadilika kwa mamilioni ya miaka, vikapata tumbo, chembe nyingine ziliachiwa kazi ya kula zikabaki zikizurura mwilini. Badala ya kula chakula, sasa zilikula maadui. Yaani kinga yetu ni binamu ya tumbo letu. Likumbuke jambo hili, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Baadaye alimchunguza mdudu mdogo sana wa majini aitwaye dafnia, ambaye pia mwili wake ni kama kioo. Aliona chembe za mdudu huyo zikipigana na kuvu waliomwingia. Chembe zikishinda, dafnia anaishi. Kuvu wakishinda, dafnia anakufa.

PARIS

Mwaka wa 1886 alirudi Odessa kuwa mkuu wa kituo cha chanjo, lakini mambo hayakwenda sawa. Yeye hakuwa daktari wa tiba, na madaktari walimpiga vita. Kisha kondoo wengi waliochanjwa dhidi ya kimeta walikufa, lawama zikamwangukia yeye. Penye nia pana njia. Mwaka wa 1888 Louis Pasteur, yule bingwa wa chanjo ya kichaa cha mbwa, alimpa maabara katika taasisi yake mpya mjini Paris, Ufaransa. Metchnikoff alikaa hapo miaka 28, mpaka kufa kwake.

Usidhani watu walimpigia makofi. Wataalamu wengi wa Ujerumani walipinga habari ya chembe walaji. Wao walisema kinachotulinda ni maji ya damu, siyo chembe. Mabishano yalidumu zaidi ya miaka 20, tena yalikuwa makali. Metchnikoff alikuwa na nywele ndefu zilizotimka na moyo wa kupigana, naye alijibu kila hoja kwa majaribio mapya. Mwishowe ilionekana kwamba pande zote mbili zilikuwa na ukweli: chembe hula viini, na maji ya damu nayo yana silaha zake. Mwaka wa 1908 Tuzo ya Nobel ya Tiba iligawiwa Metchnikoff pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, aliyekuwa wa upande ule mwingine. Mafahali wawili, zizi moja!

KIPINDUPINDU NA SIRI YA TUMBO

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1892 kipindupindu kiliingia Ufaransa. Metchnikoff alitaka kujua kwa nini watu wawili wakinywa maji yale yale machafu, mmoja huugua na mwingine hana habari. Alifanya jambo ambalo siku hizi haliruhusiwi kabisa, na ninakuomba usiliige: alikunywa viini vya kipindupindu. Hakuugua. Mtu wa pili aliyejitolea akanywa, naye hakuugua. Wa tatu akanywa, na huyo alikaribia kufa.

Metchnikoff alirudi kwenye maabara akiwa na swali jipya. Aliotesha viini vya kipindupindu pamoja na vijidudu vingine. Akaona kwamba vijidudu vingine vinavisaidia viini kukua, na vingine vinavizuia. Basi akafikiri kwamba labda jibu limo tumboni. Huenda ndani ya matumbo yetu kuna wenyeji, na wenyeji hao ndio wanaoamua kama mgeni mbaya atapewa kiti au atafukuzwa mlangoni. Wazo hili mpaka leo ni mojawapo ya mawazo makubwa katika elimu ya vijidudu vya tumbo.

UZEE NA MAZIWA LALA

Alipofikisha umri wa miaka hamsini na kitu, moyo wake ulianza kumsumbua. Akaanza kuuliza kwa nini mwanadamu huzeeka. Mwaka wa 1903 alitoa kitabu kuhusu hali ya mwanadamu, na mwaka wa 1907 akatoa kingine kuhusu kurefusha maisha. Mtu aliyewahi kutaka kufa sasa alikuwa anaandika vitabu vya kuwapa watu matumaini! Elimu ya uzee ina jina lake la kisayansi, na jina hilo lilibuniwa na yeye.

Hoja yake ilikuwa hivi. Utumbo mpana, alisema, ni urithi kutoka kwa wanyama wa zamani. Uliwafaa wanyama waliokuwa wakikimbia simba, kwa sababu waliweza kuhifadhi uchafu bila kusimama njiani. Mwanadamu hahitaji hifadhi hiyo. Badala yake, humo ndani vijidudu huozesha mabaki ya chakula na kutoa sumu, na sumu hiyo huingia mwilini ikatuzeesha kabla ya wakati.

Je, dawa ni nini? Alikumbuka kwamba maziwa yakichacha hayaozi upesi. Asidi inayotengenezwa na bakteria wa maziwa huwazuia bakteria wanaoozesha. Tena alikuwa amesikia kwamba huko Bulgaria kuna wakulima wengi wanaofikia umri mkubwa, na chakula chao cha kila siku ni maziwa yaliyochacha. Mwaka wa 1905 mwanafunzi mmoja Mbulgaria, Stamen Grigorov, aliyekuwa akisoma Geneva, alimgundua bakteria anayechachusha maziwa hayo. Metchnikoff alifurahi sana. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa yaliyochacha kila siku na kukwepa vyakula vibichi.

Mnamo Juni 1904 alitoa hotuba mjini Paris kuhusu uzee. Magazeti yakaidaka, na mara watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kuyakimbilia maziwa yaliyochacha kama maji ya uzima. Wafanyabiashara waliuza maziwa na vidonge vya bakteria kwa kutumia jina lake. Penye biashara hapakosi kuzidisha. Mjini London mpasuaji maarufu Arbuthnot Lane alifikia hatua ya kuwakata wagonjwa utumbo mpana wenyewe, akidhani anawaondolea sumu. Metchnikoff alipendelea njia ya chakula, siyo ya kisu.

Hapa nina neno na wenzangu. Sisi wa shule ya kutwa wengine hubeba chakula kutoka nyumbani, na nimeona mwanafunzi aliyebeba maziwa lala kwenye chupa akichekwa na kuitwa mshamba na wenzake wanaokunywa soda. Eti maziwa yanayonuka! Mshamba ni nani hapo? Wakalenjin wamekuwa na mursik yao tangu jadi, wanaitengeneza ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalum. Wanariadha wetu wakirudi na medali wanalakiwa kwa mursik mbele ya kamera. Wasomali na Waborana wana maziwa ya ngamia yaliyochacha. Nyanya zetu walikuwa wanafanya yale ambayo Paris iliyatangaza mwaka wa 1904, ila tu hawakuwa na hadubini wala magazeti. Ninaongeza hata hivyo kwamba maziwa yachemshwe kwanza kabla ya kugandishwa, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na magonjwa mengine kutoka kwa ng'ombe.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka wa 1909 Metchnikoff na Olga walimtembelea mwandishi mashuhuri Leo Tolstoy nyumbani kwake Urusi. Kulikuwa na uhusiano wa ajabu kati yao. Kaka yake Metchnikoff, aliyekuwa hakimu na jina lake Ivan, alipofariki, kifo chake kilimpa Tolstoy wazo la hadithi yake kuhusu kifo cha Ivan Ilyich, iliyotoka mwaka wa 1886. Mmoja alikiandikia kifo hadithi, mwingine akakitafutia dawa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, maabara zilibaki tupu kwa sababu vijana walikwenda vitani. Jambo hilo lilimvunja moyo. Alifariki mjini Paris mwezi wa Julai 1916 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 71. Husemekana kwamba hata akiwa kitandani alimwomba daktari rafiki yake amchunguze matumbo akishakufa. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur. Olga aliandika kitabu kuhusu maisha ya mumewe, na sehemu kubwa ya tunayoyajua yametoka kwake.

Watu wengine walicheka kwamba mtu aliyehubiri maisha marefu hakufika hata miaka 80. Lakini tukumbuke kwamba moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani, na maisha yake hayakuwa lelemama.

JE, ALIKUWA SAHIHI?

Katika mambo mengine alikosea. Utumbo mpana si takataka. Leo tunajua kwamba vijidudu vilivyomo humo hututengenezea vitamini K na baadhi ya vitamini B. Tukila maharagwe, mboga, mahindi na vyakula vingine vyenye nyuzinyuzi, sehemu ambayo sisi hatuwezi kuisaga, wao huichachusha na kutoa asidi ndogo ndogo zinazolisha ukuta wa utumbo wetu. Kwa hivyo githeri si chakula chako peke yako, unakula na wapangaji wako. Ilibainika pia kwamba yule bakteria wa Bulgaria hafanyi makao matumboni, hupita tu kama abiria wa matatu.

Lakini katika jambo kubwa alikuwa mbele ya wakati wake. Wanasayansi waliokadiria upya hesabu mwaka wa 2016 walisema mwili wa mtu mzima una bakteria kama trilioni 38, karibu sawa na idadi ya chembe zake mwenyewe, na wengi wao wako katika utumbo mpana. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa matumbo yetu na wale wa sokwe na gorila wana mababu wa pamoja. Binadamu na nyani hao walipoachana mamilioni ya miaka iliyopita, bakteria wao nao waliachana. Tumesafiri pamoja nao tangu kale. Darwin angefurahi, na Metchnikoff pia.

Mtoto hupata wapangaji wake wa kwanza kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa. Ndani ya maziwa ya mama kuna sukari za aina fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Je, ni za nini basi? Ni chakula cha bakteria wema wa mtoto! Bakteria hao waligunduliwa mwaka wa 1899 na Henri Tissier, katika taasisi ile ile ya Pasteur. Mwaka wa 2014 ulitolewa utafiti kuhusu Wahadza wa Tanzania, jirani zetu ambao wengine wao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Matumbo yao yalikutwa na aina nyingi zaidi za vijidudu kuliko matumbo ya Waitalia wa mjini waliolinganishwa nao. Maisha ya vyakula vya viwandani yanatupunguzia wapangaji.

Na lile nililokuomba ulikumbuke? Panya wakilelewa bila kijidudu chochote mwilini, kinga yao haikomai vizuri. Maana yake ni kwamba vijidudu vya tumbo hufundisha askari wa mwili kazi. Mzee alifanya kazi mbili kubwa, ya chembe walaji na ya vijidudu vya tumbo, na alizifanya kama vitu viwili. Kumbe zilikuwa kitu kimoja, tumbo na kinga ni ndugu.

Ndiyo sababu inafaa tuache tabia ya kununua dawa za kuua bakteria bila kuandikiwa na daktari kila tunapopiga chafya. Mafua hayaletwi na bakteria. Dawa hizo haziwezi kumtambua rafiki na adui, hufyeka wote kama panga shambani. Wenyeji wakishafagiliwa, mgeni mbaya hupata nafasi. Kuna bakteria mmoja mkali anayeharisha watu kwa njia hiyo hiyo, na mwaka wa 2013 madaktari wa Uholanzi walionyesha kwamba wagonjwa wake hupona vizuri zaidi wakiwekewa kinyesi cha mtu mwenye afya kuliko wakipewa dawa za kawaida. Usicheke. Walichopewa hasa ni wapangaji wapya.

Wanafunzi wenzangu, kutoka kwa Metchnikoff mimi nimejifunza mambo matatu. La kwanza, swali dogo lililoulizwa sebuleni linaweza kuzidi maabara kubwa isiyo na swali. La pili, mtu anaweza kukosea katika jambo moja na bado akawafungulia wengine njia, kwa hivyo tusiogope kuinua mkono darasani. La tatu, usiku hata uwe mrefu namna gani, kutakucha. Mtu aliyetaka kufa mwaka wa 1873 alikuja kuwafundisha watu kuishi.

Naomba nitue kalamu hapa. Kuleni mboga, maharagwe na maziwa lala, na mnawe mikono kabla ya kula.